Nani Mwenye Haraka? Mazungumzo Juu ya Bei ya Mnunuzi na Bei ya Muuzaji

Mazungumzo ya leo ni ya bei, na nimeyaandaa kwa ajili ya watu wawili ambao kwa kawaida hawakai kijiwe kimoja. Wa kwanza ni mkulima wa korosho, ufuta na mbaazi, anayesubiri mnada wa chama chake. Wa pili ni kijana mwenye simu, anayekesha akiangalia chati za dola na dhahabu, na ambaye siku hizi ameanza kusikia habari za kusoma mtiririko wa oda. Mzee anadhani kijana anacheza kamari. Kijana anadhani mzee amepitwa na wakati. Mimi nasema wote wawili wamesimama mbele ya soko lile lile, na soko linawauliza swali moja: nani mwenye haraka?

Tuanzie mnadani, maana huko ndiko tunakokujua wote.

Ikifika Oktoba, korosho zimeokotwa, zimeanikwa, zimepimwa kwenye chama cha msingi, AMCOS, zikapangwa daraja na kupelekwa ghala kuu. Stakabadhi imetoka. Siku ya mnada wakulima wanakusanyika na zabuni zinasomwa. Miaka ya nyuma wanunuzi walikuwa wakitumbukiza bahasha kwenye sanduku, na sanduku likifunguliwa mbele ya watu. Tangu msimu wa 2024/25 korosho nazo zimeingia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kwa hiyo mnunuzi anaweka bei yake kwa mtandao. Njia imebadilika, lakini tangazo la jioni ni lile lile: bei ya juu shilingi kadhaa, bei ya chini shilingi kadhaa, wakulima wameridhia kuuza.

Hebu lisikilizeni tena tangazo hilo. Bei ya juu imetamkwa na nani? Na mnunuzi. Bei ya chini je? Na mnunuzi vilevile. Ya juu ni ya yule aliyetoa zaidi kuliko wenzake, ya chini ni ya yule wa mwisho aliyebahatika kupata mzigo. Bei ya mkulima haimo kabisa katika tangazo. Mkulima hakutamka namba yoyote. Alichotamka ni neno moja: ndiyo, au hapana.

Kwenye masoko mengine mambo hayako hivyo. Ingia duka lolote la kubadilisha fedha, mjini Lindi, Mtwara au Dar es Salaam, uangalie ubao wake. Kila sarafu ina namba mbili: ya kununua na ya kuuza. Ile ya kununua ni bei atakayokupa mwenye duka ukimletea dola zako. Ile ya kuuza ni bei utakayompa wewe ukitaka dola zake. Ya kuuza huwa kubwa daima, na lililo katikati ni pengo. Mwenye duka anaishi kwa pengo hilo. Hajali sana dola ipande au ishuke, mradi watu wapite kwake huku na huku, na kila anayepita amwachie kidogo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, linakwenda kwa namba mbili hizo hizo, ila haziandikwi na mwenye duka mmoja. Zinaandikwa na watu wengi kupitia kwa madalali wa soko: huyu anataka kununua kwa bei fulani hisa kadhaa, yule anataka kuuza kwa bei fulani hisa kadhaa. Ripoti ya kila siku ya soko hilo huonyesha pia oda zilizobaki bila kutimizwa, za kununua na za kuuza. Watu wengi huzipita safu hizo. Wanatafuta bei ya kufungia tu, na wakiipata wanafunga ukurasa. Habari ya kesho mara nyingi imelala kwenye safu walizozipita.

Mwenye kalamu aishike, tufanye mfano mdogo. Namba hizi ni zangu za kufundishia, si za kampuni yoyote.

Upande wa wanunuzi, kuna anayetaka hisa 2,000 kwa shilingi 500. Nyuma yake yupo anayetaka hisa 6,000 kwa shilingi 495. Upande wa wauzaji, kuna mwenye hisa 1,000 anayetaka shilingi 510, na nyuma yake mwenye hisa 4,000 anayetaka 515. Pengo ni shilingi 10. Kwa wakati huo biashara imesimama. Wanunuzi wamesema yao, wauzaji wamesema yao, na wote ni wavumilivu. Wanaweza kutazamana hivyo mpaka soko lifungwe.

Biashara itatokea pale tu mmoja atakapovuka pengo. Tuseme anatokea mnunuzi mpya asiyetaka kusubiri, anazichukua hisa 1,000 zile kwa shilingi 510. Bei ya mwisho sasa ni 510. Siku ikiishia hapo, gazeti litaandika kwamba bei ilikuwa 510. Kampuni haijauza bidhaa ya ziada, haijapata faida mpya, haijabadilisha meneja. Kilichotokea ni kwamba mtu mmoja alikuwa na haraka ya kununua.

Baada ya dakika chache anakuja mtu mwenye shida ya fedha, ana hisa 3,000, naye anataka kuuza papo hapo. Anakutana na mnunuzi wa 500, lakini huyo anataka 2,000 tu. Hisa 1,000 zilizobaki zinaanguka kwa mnunuzi wa pili, kwa shilingi 495. Jumla amepata shilingi 1,495,000. Angeweza kuweka oda yake kwa 510 akasubiri. Na kama angempata mnunuzi, angetoka na 1,530,000. Shilingi 35,000 ndizo alizolipa kwa kutokusubiri. Na sasa bei ya mwisho ni 495, kwa hiyo watu watasema soko limeshuka.

Hapo ndipo ulipo msingi wa elimu yote hii ya mtiririko wa oda. Utawasikia watu wakisema, leo wanunuzi ni wengi kuliko wauzaji, ndiyo maana bei imepanda. Hiyo si sababu. Kila hisa iliyonunuliwa imeuzwa na mtu. Kilo iliyotoka kwa mmoja imeingia kwa mwingine. Kiasi kilichonunuliwa na kilichouzwa ni sawa kila wakati. Kinachoweza kuzidi ni haraka. Biashara ikifanyika kwa bei ya muuzaji, ujue mnunuzi ndiye aliyevuka. Ikifanyika kwa bei ya mnunuzi, ujue muuzaji ndiye aliyevuka. Wanaosoma mtiririko wa oda kwenye soko la mikataba ya bidhaa la Chicago kazi yao ni kuhesabu hilo dakika kwa dakika: leo waliovuka kwa kununua wamechukua kiasi gani, na waliovuka kwa kuuza wametoa kiasi gani. Wanatoa moja kutoka kwa nyingine, na tofauti inawaambia haraka imeelemea upande gani.

Wakishazoea, wanaanza kuona na jambo la pili, lenye utamu zaidi. Wakati mwingine wauzaji wenye haraka wanatupa mzigo kwa wingi, shehena juu ya shehena, lakini bei haishuki. Maana yake ni nini? Kuna mtu amekaa kimya kwenye bei hiyo, anapokea kila kinachokuja, wala hapandishi sauti. Anayeangalia bei peke yake ataona soko limelala. Anayeangalia nani anavuka na nani anapokea ataona kuna mwenye subira anajaza ghala.

Ndugu wasikilizaji, turudi nyumbani tukiwa na swali hilo mkononi. Kwenye korosho, nani mwenye haraka, na lini?

Mnunuzi wetu kwa sehemu kubwa ni mtu wa viwanda vya kubangulia vya India na Vietnam. Ivory Coast, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha korosho ghafi, na jirani zake wa Afrika Magharibi huvuna kuanzia karibu Februari hadi Juni. Sisi wa kusini ya Afrika Mashariki tunavuna Oktoba hadi Januari. Kwa hiyo korosho ya kwanza ya Lindi na Mtwara inafika sokoni wakati ambapo maghala ya wabanguaji yanaelekea kuwa matupu, na mashine hazipendi kusimama. Mnunuzi wa Oktoba ana haraka. Ndiyo maana minada ya mwanzo ya msimu huchangamka. Mwaka 2024 mnada wa kwanza wa msimu ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Ikifika Januari, mvua zimeanza kuharibu ubora, mnunuzi amekwishajaza meli zake, na anajua kwamba wiki chache zijazo Afrika Magharibi itafungua mlango. Haraka yake imekwisha. Inayobaki ni ya mkulima.

Na haraka ya mkulima tunaijua kwa majina. Ni ada ya mtoto aliyefaulu. Ni mgonjwa. Ni vibarua wa palizi, ni salfa ya kupulizia mikorosho. Ni miezi ile ambayo ghala la chakula limebaki na vumbi na mvuno bado uko mbali. Katika miezi hiyo ndipo anapopita mtu wa kangomba kwenye korosho, na wa chomachoma kwenye ufuta. Anakuja na fedha taslimu, anataja bei yake, na bei hiyo haina mshindani maana aliyesimama barazani kwako ni yeye peke yake. Huyo ni mnunuzi aliyekaa kwenye namba ya chini akasubiri shida ya mtu imfikishe. Serikali imempiga marufuku mara nyingi, na anaendelea, kwa sababu marufuku haiwezi kulipa ada ya Januari. Akiba ya chama inaweza. Mkopo wa bei nafuu kwa dhamana ya stakabadhi unaweza. Kila shilingi inayompa mkulima uwezo wa kusubiri mwezi mmoja inapunguza nguvu ya kangomba kuliko tamko lolote la jukwaani.

Nimesema namba mbili, bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji. Ipo na ya tatu, nayo ni kiasi. Bila kiasi, bei ni nusu ya habari.

Chukueni mfano mwingine wa kubuni. Kwenye mnada kuna kampuni iliyotaka tani 60 kwa shilingi 3,900, na nyingine iliyotaka tani 2,400 kwa shilingi 3,700. Tangazo litasema bei ya juu 3,900, bei ya chini 3,700. Mkulima aliyesikia redioni atakwenda nyumbani akiwa na 3,900 kichwani. Wengine, wenye ushauri wa tahadhari, watakata katikati waseme 3,800. Lakini ukipiga hesabu ya mzigo wote, wastani ni shilingi 3,705 hivi. Bei ya juu ilikuwa kweli, ila ilikuwa ya tani chache. Mkulima akilipwa, makato ya ushirika, ya usafirishaji na ya ghala yakishatolewa, anaona namba iliyo mbali sana na ile aliyoisikia. Anasema ameibiwa. Pengine kweli yapo ya kuulizwa kwenye makato, na aulize. Lakini sehemu ya uchungu wake imetoka kwenye tangazo lililompa bei bila tani.

Msimu wa 2018/19 ulitupa somo la mambo haya yote kwa pamoja, na wengi wenu mliliishi. Mwaka uliotangulia bei zilikuwa zimefika karibu shilingi 4,000. Oktoba 2018 minada ilipofunguliwa, wanunuzi walikuja na bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakasema hapana. Kumbukeni nilichosema: hapana ndiyo namba pekee ya mkulima mnadani. Haikuandikwa popote ni ngapi, ila ilikuwa juu ya 2,700. Soko likasimama, na pengo likawa wazi kwa kila mtu.

Serikali iliingia katikati. Rais John Magufuli alikutana na wanunuzi mwishoni mwa Oktoba, ikazungumzwa bei isiyopungua shilingi 3,000. Ununuzi haukuchangamka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, akawapa wanunuzi siku chache wajibu kwa maandishi watanunua tani ngapi na lini. Angalieni swali hilo lilivyo. Hakuuliza bei, maana bei ilikwishatajwa. Aliuliza kiasi na wakati, mambo mawili ambayo mtu anaweza kuyaficha nyuma ya bei nzuri. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaingia kazini kuzibeba.

Kwa jicho la mkulima, alikuwa amepatikana mnunuzi wa bei ya juu kuliko wote, na mwenye tumbo lisilojaa. Kwa jicho la soko, kilichobadilika ni mwenye kushika mzigo. Serikali iliponunua kwa 3,300 ilihama upande: asubuhi ilikuwa mnunuzi, jioni ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote, mwenye korosho ghafi ghalani ambazo kila mwezi zinapoteza uzito na ubora, huku msimu wa Afrika Magharibi ukikaribia. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya. Mkataba huo haukutekelezwa na Serikali ikauvunja. Wakulima nao walisubiri malipo wakati uhakiki wa mashamba ukiendelea. Haraka haikufutwa na tamko la bei. Ilihama tu kutoka mikono ya mkulima ikaingia mikono ya Hazina.

Sisemi wakulima walikosea kusema hapana. Walikuwa na haki, na pengine hawakuwa na njia nyingine. Nasema kwamba bei, hata ikitamkwa na mkuu wa nchi, inahitaji mtu wa pili nyuma yake atakayenunua, na wa tatu nyuma ya huyo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mbaazi zilikuwa zimetufundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkuu wa mbaazi, iliweka ukomo wa kuingiza zao hilo nchini mwake. Wakulima walikuwa wamelima kwa kuangalia bei ya misimu iliyopita. Bei hiyo ilikuwa ya kweli ilipotokea, ila ilikuwa ya wakati uliokwisha. Upande wa wanunuzi ulipobaki mtupu, bei iliporomoka, na kuna walioona gharama ya kuvuna inazidi thamani ya gunia. Bei ya mwisho ni kumbukumbu ya watu wawili waliokutana jana. Haimwahidi yeyote kwamba leo watu hao watakuwepo.

Sasa zamu yako, kijana wa simu. Sijakusahau.

Umeambiwa kwamba ukijifunza kusoma nani anavuka na nani anapokea, utaona wakubwa wanakokwenda. Kuna ukweli ndani yake, na nimejaribu kukupa ukweli huo. Lakini sikiliza mambo matatu kabla hujatuma fedha.

La kwanza, oda iliyoandikwa ubaoni inaweza kuwa hewa. Kule London, katika kitongoji cha Hounslow, kijana aitwaye Navinder Singh Sarao alikuwa akifanya biashara kwa kompyuta, nyumbani kwa wazazi wake. Aliweka oda kubwa za kuuza kwenye soko la Chicago, ambazo hakuwa na nia ya kuzitimiza. Bei ikisogea karibu, oda zinafutwa. Wengine waliziona wakaogopa, na hofu yao ikawa faida yake. Wamarekani walimhusisha na tukio la tarehe 6 Mei 2010, ambapo kipimo cha Dow Jones kilianguka karibu pointi 1,000 kwa dakika chache kisha kikainuka. Alikamatwa mwaka 2015, akakiri makosa mwaka 2016, na mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja. Kwa hiyo ubao wa oda ni maneno, na biashara iliyokamilika ndiyo tendo. Mnadani kwetu tunalijua hilo: mnunuzi anaweza kutaja bei kubwa kisha asilipe, na ndiyo maana hudaiwa dhamana kwanza.

La pili, angalia kama ubao unaouona ni wa soko kweli. Soko la Chicago ni mahali pamoja: oda zote zinapita mlango mmoja, na kila biashara inaandikwa. Fedha za kigeni hazina mahali pamoja. Benki kwa benki, dalali kwa dalali, dunia nzima. Mwaka 2022 Benki ya Malipo ya Kimataifa, BIS, ilipima biashara hiyo kuwa dola trilioni 7.5 kwa siku. Programu ya kwenye simu yako inayosema inakuonyesha kiasi kilichouzwa na kununuliwa kwa kawaida inahesabu tu mara ngapi bei imecheza kwa dalali wako mmoja. Huo ni mkondo mmoja mdogo, na wewe unauzwa ramani ya bahari.

La tatu, jiulize nani amesimama upande wa pili. Ukinunua hisa Dar es Salaam, upande wa pili kuna mtu anayeuza hisa hizo. Ukinunua dhahabu kwenye programu ya simu, mara nyingi hakuna dhahabu iliyotembea. Kuna mkataba kati yako na dalali, yeye ndiye aliyeandika namba zote mbili, na ukipoteza, kwa wengi wao, fedha zinabaki kwake. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye mikataba ya namna hiyo hupoteza fedha. Hao ni watu wenye umeme usiokatika na intaneti ya kasi. Hapa nchini, leseni za madalali wa masoko ya mitaji hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayekusanya fedha zenu kijiweni akiahidi faida ya kila wiki, mwombeni leseni kabla ya kumwomba mafunzo.

Na kuna jambo la nne nitakaloliongeza kwa sababu wewe ni wa huku. Kila unapobonyeza kununua na kuuza papo hapo, unavuka pengo. Unalilipa ukiingia, unalilipa ukitoka. Ukifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, umekuwa kama mpita njia anayebadili shilingi kuwa dola na dola kuwa shilingi kwenye duka lile lile mpaka fedha inaisha, na hakuna aliyemwibia. Soko limeshakupa jibu la swali letu: mwenye haraka ni wewe.

Kwa hiyo tufanye nini? Kijana, kama elimu hii imekuingia, ipeleke kwenye chama cha msingi cha baba yako. Pale kuna mtiririko wa oda halisi ambao hakuna anayeuandika. Chukua daftari. Kila mnada, andika tarehe, bei ya kila mnunuzi, tani alizoomba, tani alizopata, na tani ambazo wakulima walizikataa. Andika pia minada ya vyama vikuu vya jirani, TANECU na MAMCU, ya wiki hiyo hiyo ilifika ngapi. Baada ya misimu miwili chama kitakuwa na kitu ambacho wanunuzi wa nje wanacho tayari na sisi hatuna: kumbukumbu ya nani hutaka nini, kiasi gani, na wakati gani.

Na wewe mkulima, usiingie mnadani ukiwa na neno la ndiyo na hapana peke yake. Kaeni kabla zabuni hazijafunguliwa, mpatane namba yenu na muiandike. Mkishaona 3,900 imeandikwa juu na 3,700 imeandikwa chini, ni vigumu kufikiri kwa akili yenu wenyewe. Iandikeni mapema, na pembeni yake andikeni gharama ya kusubiri: wiki moja ghalani inatupunguzia nini, nani kati yetu hawezi kusubiri, na chama kitamsaidiaje ili shida yake isitushushe wote. Kusema hapana bila hesabu hiyo ni kubahatisha. Kusema ndiyo bila hesabu hiyo ni kubahatisha vilevile.

Na mkutano mkuu wa chama utakapoitishwa, watu watauliza kama kawaida: mwaka huu bei itakuwa ngapi? Hakuna kiongozi anayejua, na anayedai anajua mshukuruni kisha muulizeni maswali haya matatu: bei ya juu ya mnada uliopita ilikuwa ya tani ngapi? Sisi wenyewe tuliandika ngapi? Na kati yetu na mnunuzi, nani alikuwa na haraka?